Wamesimama au Wanaelea

Mama Alois tulimzika Jumanne. Jumanne hiyo hiyo, wali haujaepuliwa, watu wakaanza kumcheka shangazi yangu Apolonia, mtu aliyekufa wengi wao hawajazaliwa. Msibani ndivyo kulivyo, kilio cha kwanza kikishapita watu hutafuta cha kuchekea, na mimi silaumu. Kijana mmoja aliyekuwa akichochea kuni alianza: "Marehemu si ndiye aliyetumbukizwa majini na yule bibi kipofu?" Mwenzake akadakia: "Ndiye! Bibi haoni hata kijiko alichokishika, anawaambia watu maji yamepungua, vukeni. Na watu wazima na ndevu zao wakavuka!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na moshi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, hatua nne kutoka pale, sahani mapajani. Mdomo wangu unajulikana Ifakara nzima. Madereva wa malori ya mpunga huzima injini wanaponiona nakuja, na yupo ofisa mmoja aliyewahi kujificha chooni nisimkute. Siku ile niliutazama wali wangu. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yangu kuinyamazia hadithi hiyo, na mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba.

Habari za baba na mama nitaziacha. Kila anayeandika maisha yake huanza na babu alikotoka; wangu alitoka milimani upande wa Mahenge, yatosha. Shule niliiacha darasa la pili, na mashine zangu mbili za kukoboa mpunga hazijawahi kuniuliza cheti. Mwaka ninaousema ni wa katikati ya miaka ya hamsini, Uhuru bado, mwaka ambao maji ya Kilombero yalipanda yakauchukua mpunga wa bondeni ungali kijani. Shangazi, ambaye alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto, alituma ujumbe kwetu kwamba anataka msichana wa kumsaidia kutwanga. Nikashuka kwa miguu siku tatu, nikavushwa mto kwa mtumbwi, nikamkuta upande wa Michenga katika nyumba ya chumba kimoja na nusu. Nusu ilikuwa ya kuku na mitego ya samaki, chumba kilikuwa chetu. Juu ya moto, darini, mahindi ya mbegu yalining'inia na maganda yake, meusi kwa moshi, kama popo waliolala. Hata leo nikifumba macho naisikia harufu ya chumba kile: moshi, kambale mkavu, na udongo mbichi wa ukuta ambao Shangazi aliusiriba upya kila mvua zilipokatika. Vitu vyake vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na mahali pake. Nikikisogeza kigoda shubiri moja ananikaripia: "Yusta, rudisha. Kigoda kina kwao." Mimi nikadhani ni usafi tu.

Asubuhi ya pili aliniamsha kuku wakiwa bado wanajikuna, akasema tunapanda Kichuguu. Ndivyo watu walivyokiita kile kilima nyuma ya kijiji, kwa kukidharau, maana mimi niliyetoka kwenye milima yenyewe nilikiona kweli kama kazi ya mchwa. Mwenye magoti mazima hufika juu kabla ugali haujaiva. Shangazi alitangulia, tena haraka, mguu wake ukipapasa kidogo kabla ya kukanyaga, na kila mti wa njiani akiugusa kwa kiganja. Nikafikiri anaisalimia. Juu palikuwa na jiwe pana lililolainishwa na makalio ya wanawake waliomtangulia. Shangazi akasimama kando yake, akaupa msitu uso na bonde lote mgongo, akaniuliza, "Unaona nini?"

"Shangazi, maji yako nyuma yako."

Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutwa na samaki wa jirani kikapuni. "Basi nigeuze," akasema. "Hiyo ndiyo kazi niliyokuitia. Kutwanga naweza mwenyewe."

Nikamgeuza kwa mabega. Mbele yetu bonde zima lilikuwa ziwa. Mimi sikuwahi kuona maji yaliyolala kiasi kile. Kwetu maji hukimbia. Hapa yalijinyoosha mpaka milima ya ng'ambo, ukungu umeyafunika mahali pengine na mahali pengine yamejiachia yang'ae, na vichwa vya matete vilichomoza kama watu wanaooga. Furukombe alilia mara mbili kutoka mti mkavu, akirusha kichwa nyuma kama anayecheka peke yake. Makundi meupe yalikuwa yamemwagika juu ya maji, mengine yakienda na mengine yakiwa kimya, nami nikasema, "Naona weupe." Shangazi akanipiga kikonzi cha utosi. "Usiniambie weupe. Weupe ni rangi, si ndege. Wamesimama au wanaelea?"

Ilikuwa hivi. Katikati ya bonde lilikuwepo bwawa kubwa, na ng'ambo yake ndipo palipokuwa na mashamba ya matope, ambako maji yakirudi nyuma watu hupanda mahindi ya kiangazi. Kutoka kijijini huoni kitu, matete yanampita mtu urefu. Juu ya Kichuguu unaona yote, ila maji ya kina na maji ya kifundo hung'aa sawasawa. Kipimo ni ndege. Yangeyange, wale wembamba wa miguu mirefu, wakisimama kivukoni, maji yako chini ya goti, chukua mbegu yako uvuke kwa miguu. Mwari wakielea, wale wanene wenye mfuko chini ya mdomo, kaa nyumbani kwako ule samaki. Kazi hiyo ya kutazama Shangazi aliipokea kwa mama mkwe wake, na kwa ajili yake alipewa samaki wa kwanza wa kila mtego, na shamba zuri karibu na bwawa, na watu wa kumwita mama. Macho yalimwisha taratibu, mwaka juzi moja, mwaka jana la pili, wala hakumwambia mtu. Shemeji yake Kasiani, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akiitaka kazi ile na shamba lile. Ikijulikana kwamba mtazamaji haoni, vyote vingekwenda kwa Kasiani, na yeye angerudishwa milimani kwa kaka zake kukaa pembeni mwa moto wa mtu. "Nikirudi kule nitakufa kwa kukaa," aliniambia. "Kwa hiyo wewe ni macho yangu. Ukiona, sema unaona. Na usipoona, Yusta, sema sijui. Hilo ndilo neno ninalolitaka kwako kuliko mengine."

Nikasema ndiyo. Lakini neno hilo mimi sikuwa nalo. Nilikuwa mrefu kuliko kaka zangu na mwepesi kuliko walimu wangu, na sikumbuki kwamba nilikuwa nimemwambia mtu yeyote sijui tangu nilipoota meno.

Wiki zilizofuata nikizikumbuka huja kama ndoto iliyojiota yenyewe. Tulipanda kila asubuhi, umande ukitulowesha mpaka mapajani, tukakaa juu ya jiwe bega kwa bega, tukitafuna pepeta. Ule mpunga mchanga ambao watu waliuwahi kabla ya maji ndio tulioukaanga na kuutwanga. Ulikuwa na ladha ya majani na maziwa, na sijapata kula pepeta tamu kama ile, ingawa ilikuwa pepeta ya msiba. Mimi nilitazama, yeye alisikiliza nikitazama. Nilimwambia mnandi ametandaza mabawa kama mwanamke anayeanika nguo. Nilimwambia korongo anatembea na mikono nyuma kama katekista. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akanifundisha: yangeyange hutembea kila mmoja na njaa yake, huyu anarusha mguu, yule ananyoosha shingo, na wakiruka huruka mmoja mmoja kama pumba zinazopepetwa. Mwari huteleza pamoja na huinamisha vichwa pamoja, kama watu kwenye misa. Jua likishakuwa kali mwari hupanda hewani, wakizunguka juu, juu zaidi, bila kupiga bawa, mpaka wanakuwa nukta, nami nilikuwa nikimwelekeza kwa kidole chake mwenyewe, nimekishika, nikikizungusha polepole angani. "Wako wapi sasa?" "Hapa." "Na sasa?" "Wameisha, Shangazi." Tulikaa hivyo, kidole juu, kama watu wasio na njaa.

Njaa ilikuwepo. Ukiondoa konzi hizo za pepeta, mbegu darini ndiyo iliyokuwa chakula pekee cha nafaka kijijini, na kila nyumba ilikuwa ikiiangalia na kumeza mate. Siku moja tukiwa ndani, Shangazi akitwanga, tulisikia watu wawili wakisimama nje ya ukuta. Mmoja alikuwa Mama Alois, mama kijana mwenye mtoto wa kwanza mgongoni. "Panya wanazila mbegu zangu," alisema, "na huyu ananinyonya mpaka mifupa. Mama anangoja nini kule juu, anangoja maji yamwage kwaheri?" Wa pili alikuwa Kasiani. "Shemeji siku hizi anaona kweli? Jana nilimpungia mkono, akanipita." "Labda hakupendi." "Kunipenda hajanipenda siku zote. Lakini zamani alikuwa anasonya kwanza." Wakacheka, wakaenda. Shangazi hakukosea pigo hata moja kinuni. Alipomaliza akasema tu, "Kesho tuwahi."

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito kama uji. Tulipofika juu nilisikia sauti chini yetu, nikatambua kwamba watu hawakungoja tena majumbani. Walikuwa wamekusanyika mguuni mwa kilima na vikapu vyao, kuku wamefungwa miguu, watoto wanakohoa. Kasiani alikuwepo na mtumbwi wake mfupi uliofungwa kwenye mfereji. Wote walikuwa wanamngoja mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ananingoja mimi. Ukungu ulifunguka kidogo pale kivukoni. Nikaona mstari mweupe.

"Wamesimama au wanaelea?"

Nilitazama. Mstari ulikuwepo, kisha haupo, kisha upo. Chini mtu alikohoa, mwingine akasema kwa sauti, "Leo pia tutarudi?" Nikahisi joto la uso. "Wamesimama," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja, Shangazi."

Alivuta pumzi, akasogea ukingoni, na kwa ile sauti yake ya kuita mifugo akapiga kelele: "Vukeni!" Nikasikia kijiji kikiinuka.

Tulibaki jiweni. Jua likatoka, ukungu ukaanza kujikunja kama mkeka, nami nikatazama mstari wangu mweupe ukiwa wazi mbele yangu, mzuri, umetulia juu ya maji ya bluu. Ndege wote wakainamisha vichwa pamoja.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka matete yakinikata uso na sauti yangu ikiita rudini, rudini, na ukelele wa mwanamke ukanijibu. Mama Alois alikuwa ametangulia, kwa hamu ya mbegu zake, mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Hatua moja maji yalikuwa gotini, ya pili kiunoni, ya tatu haikuwa na chini. Kasiani alimfikia kwa mtumbwi, akampa upondo, akamvuta. Mtoto walimning'iniza miguu juu akatapika maji, kimya, kimya, halafu akalia, na watu wazima wakakaa chini topeni wakalia naye. Vikapu vinne vilikuwa vimekwenda. Mahindi meusi ya moshi yalielea kwenye maganda yake mpaka katikati ya bwawa. Mwari wakayasogelea, wakayaonja, wakayaacha.

Jioni, uwanjani kwa Kasiani, kijiji kikakaa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Shangazi na kibuyu cha maji mkononi, nikijiambia akimaliza huyu nitasema, akimaliza yule nitasema. Shangazi hakungoja aulizwe. Aliinuka. "Macho yangu yamekufa," akasema. "La kwanza mwaka juzi, la pili mwaka jana. Leo nilikisia." Kuku walikuwa wakijipanga kulala. Kasiani akaninyooshea kidole: "Na huyu msichana? Si mnapanda naye?" "Huyu hunishikia fimbo," Shangazi akajibu. "Katoka milimani. Ndege anayemjua ni kuku." Mtu mmoja akacheka, na kicheko kile kikanifungia mlango. Ningeweza kuupiga teke. Nimepiga teke milango mingi tangu hapo. Nilikishika kibuyu changu. Wakamwondolea kazi, na shamba la karibu na bwawa, nyumba wakamwachia. Mama Alois alikuwa wa mwisho kusema. Alisimama mbele ya Shangazi, mtoto kamkumbatia kwa mikono yote miwili. "Nilikuwa nakuita mama," akasema. "Kuanzia leo, shikamoo yangu huipati."

Tulikula perege bila ugali. Nilianza, "Shangazi, mimi ndiye..." "Kula," akasema. "Perege ana miiba. Anayelia na kula hupaliwa." Akatema mwiba, akaongeza: "Wewe una miaka mingi ya kuishi na watu. Mzigo hubebwa na aliyekaribia kufika. Kesho tunapanda."

"Kufanya nini? Hakuna anayetungoja."

"Kesho tunapanda."

Tukapanda. Ukungu ulikuwa vilevile. "Unaona nini?" "Weupe." "Ndege gani?" Nikalimeza lile neno, likagoma, nikalitema. "Sijui." "Tena." "Sijui." "Tena." Mara ya tatu nilikuwa nalia, na jua lilikuwa limeanza kuchungulia. "Vizuri," akasema, akinipa pepeta kiganjani. "Sasa tungoje ukungu uondoke, kisha uniambie." Tulipanda kila siku mpaka mvua zilizofuata. Kasiani naye alipanda, akihema, akitazama upande wake wa jiwe na sisi upande wetu, na baada ya mwezi nikamsikia akimuuliza Shangazi kwa sauti ndogo kama wale wa miguu myekundu huhesabiwa au hawahesabiwi. Alimjibu. Kwa nini Shangazi alipanda, nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima na watoto wangu. Hakuwa na kazi tena kule juu. Alikuwa anataka kuona tu.

Kitu kimoja hakikuwa ndoto. Njia ya kisimani ilipita mbele ya mlango wetu, na Mama Alois alipita pale kila siku. Shangazi alizijua nyayo zake. Alikuwa akizisikia mbali, anasimamisha mchi hewani, anangoja. Nyayo zinapita. Mchi unashuka. Baadaye Mama Alois akatafuta njia nyingine, ndefu, ya kuzunguka, na Shangazi bado alikuwa akisimamisha mchi saa ile ile. Mwaka ulipoisha nilihamia mjini Ifakara, nikaanza na ungo mmoja wa mchele, mengine mtayasoma mbele. Shangazi alikufa miaka tisa baadaye, akazikwa mguuni mwa Kichuguu kama alivyotaka. Mama Alois hakuja.

Jumatano, asubuhi baada ya mazishi, nilimwambia Alois anipeleke kilimani. Naye sasa ni mzee, magoti yake mabaya kuliko yangu, ila ana heshima. Hakuuliza kwa nini. Njia tuliyoimaliza zamani kabla ugali haujaiva ilitula nusu siku. Jiwe lipo. Bonde limebadilika, mabati yanang'aa mahali palipokuwa matete, ng'ombe wengi, mitiki imepangwa mistari, na bwawa limenywea kama mwili wa mgonjwa. Lakini maji yapo, na juu yake, mbali, palikuwa na weupe.

"Mama, wale ni ndege gani?" Alois akauliza.

"Sijui," nikasema. "Macho yangu hayafiki. Na kabla hujauliza jingine, kaa, nikueleze habari ya siku uliyokunywa maji."

Nikamweleza yote, bila kujipunguzia. Alisikiliza akichora udongo kwa fimbo. "Mama yangu alizunguka njia ya mbali," akasema mwishoni, "na ndoo kichwani, miaka yote ile."

"Najua."

"Mbona jana hukusema? Walikuwa wanamcheka mbele yako."

"Nilishindwa nikiwa na miaka kumi na saba, nikadhani nikikua nitaweza. Kilichokua ni aibu."

"Siku ya arobaini utasimama mbele ya wote useme."

"Nitasema."

Aliinuka akashuka bila kunipa mkono. Hasira ile ilikuwa haki yake, sikumwita. Niliteremka kwa makalio kama mtoto, jiwe kwa jiwe, bibi mwenye mashine mbili, nikigusa miti kwa kiganja. Nilipofika chini nilimkuta kasimama penye kaburi la Shangazi, nyasi kazikanyaga pembeni, kofia kaivua. Hakugeuka.

"Shikamoo, Bibi Apolonia," alikuwa anasema. "Hii ni ya mama. Na hii nyingine yangu. Shikamoo."

Neno la kujibu lilinijia mdomoni, nimelizoea, watu wananiamkia kutwa nzima. Nikalizuia. Shikamoo zile hazikuwa zangu.